Wakala wa AI akimkatia abiria basi la saa siyo, mwenye kosa ni nani?

Mleta mada:
Wakuu habari za mchana. Nikisema wakala simaanishi yule wa kutoa pesa, ni ile programu ya AI unaipa zana za API (njia ya programu moja kuiomba nyingine kazi) inafanya kazi yenyewe. Tuna mteja ana mabasi ya Dar–Mbeya, tukamtengenezea wakala wa kuchati na abiria. Zana ya kutafuta gari inaitwa tafuta_safari na maelezo niliyoandika kwa mkono wangu mwenyewe ni haya: "Inatafuta safari." Kwenye kigezo cha saa (sehemu wakala anapojaza saa) nikaweka "saa ya kuondoka". Basi, nikaenda kula.

Mama mmoja akaandika anataka gari la saa 12 asubuhi kesho. Wakala akapeleka 12:00 kwenye API, likarudi la saa 6 mchana, likakatwa, hela ikaenda. Mama kafika stendi ya Mbezi saa 11 na nusu alfajiri, mabegi na mtoto mgongoni, anaambiwa jina lako halipo gari hili.

Ofisini wote wanaitukana modeli, yaani AI yenyewe iliyo ndani ya wakala. Mi nasema hapana, kosa ni langu. Modeli haioni kodi (code, maandishi ya programu) ya nyuma wala hifadhidata, inachokiona kuhusu zana ni jina, maelezo na vigezo tu, itajuaje sava yetu inataka mfumo wa saa 24? Sasa nimeandika hivi:

"Saa ya kuondoka, mfumo wa saa 24, mfano 06:00. Abiria akisema saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 2 usiku ni 20:00. Akitaja saa bila kusema asubuhi, mchana au usiku, muulize kwanza, usibahatishe."

Msimamo wangu: maelezo ya zana ni kodi, yapitiwe na mtu wa pili kama kodi nyingine. Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu hapa sikubaliani na wewe. Maelezo sio kufuli. Hata uandike gazeti zima kuna siku modeli itateleza tu, ndo ilivyo. Kosa ni kwamba mliruhusu hela itoke bila kumuuliza mama "basi linaondoka saa 6 mchana, nikate?" Hiyo inawekwa kwenye sava, haiombwi kwa maneno matamu.

Mchangiaji wa pili:
Na gharama je? Hayo maelezo yanaenda na kila ombi unalotuma na yanahesabiwa tokeni (vipande vya maneno unavyolipia), sisi tuna zana thelathini na kitu, kila moja ikiwa na insha tutalipa mpaka basi. Halafu Kiswahili kinakatwakatwa tokeni nyingi kuliko Kiingereza, si uandike Kiingereza tu yaishe.

Mleta mada:
Maelekezo hata yawe Kiingereza sina ugomvi, ila mifano iache kwa Kiswahili maana abiria ndo ataandika hivyo hivyo. Na kama una zana thelathini, mi naona punguza zana kwanza kabla hujapunguza maneno. Nimekuta kwetu kuna kata_tiketi na kata_tiketi2, nimeuliza tofauti hakuna anayejua, aliyeziandika kaondoka. Kama sisi hatujui modeli itachaguaje?

Mchangiaji wa tatu:
Ndugu zangu wa bara mnahangaika na saa tu, subirini mfike kwenye siku. Kwetu pwani mzee akikwambia "usiku wa Ijumaa" anamaanisha Alhamisi ikishaingia magharibi, mjukuu wake wa mjini akisema hivyo hivyo anamaanisha Ijumaa yenyewe. Hebu andika maelezo ya hiyo tuone.

Mchangiaji wa nne:
Mnasahau kitu kimoja. Tangu kampuni ya AI ya Anthropic itoe MCP (utaratibu wa pamoja wa kuunganisha zana na modeli) Novemba 2024 watu wanaokota zana za watu wengine na kuunganisha kama soketi. Modeli inayasoma yale maelezo kama maagizo, mwenye nia mbaya anaficha humo sentensi ya kuiambia itume data za mteja kwake, na wewe hujawahi hata kuyafungua uyasome. Hapo kosa la nani, mleta mada?

Mleta mada:
La aliyeunganisha bila kusoma, na mimi nimewahi kufanya hivyo, sikatai.

Mchangiaji wa kwanza umenibana vizuri, leo nimeweka hatua ya kuthibitisha kabla ya malipo. Ila angalia, hata hilo swali la kuthibitisha anayeliuliza ni wakala huyohuyo, na asingejua 12:00 ni saa 6 mchana angemwambia mama "saa 12, nikate?" na mama angejibu ndiyo. Kwa hiyo nimeandika sava yenyewe itoe sentensi nzima, "saa 6 mchana", wakala aipeleke ilivyo.

Mama tulimrudishia nauli. Na hiyo ya usiku wa Ijumaa sijaiweza, nimeandika tu "muulize tarehe".