Kompyuta mpakato ya zamani inachemka na kuganda: nianzie wapi?

MwalimuMoro
Habari zenu, ndugu zangu. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Morogoro, na kazi zangu zote nazifanyia kwenye kompyuta mpakato niliyoinunua mwaka 2017 ikiwa imekwisha kutumika. Prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha nne, RAM ni GB 4, diski ni ile ya kuzunguka ya GB 500, na inatumia Windows 10. Tangu mwezi uliopita feni inanguruma muda wote, upande wa kushoto unachoma kiasi kwamba siwezi kuipakata, na nikiifanyia kazi kwa takriban dakika 40 inazimika ghafla. Tena huwa inaganda: kishale kinatembea, lakini ninachobofya hakifunguki, na taa ya diski inabaki imewaka mfululizo kwa dakika mbili au tatu. Hali hiyo hutokea hata asubuhi, mara tu ninapoiwasha. Fundi niliyempelekea aliniambia, bila hata kuifungua, kwamba ubao mkuu umekufa na kwamba nitafute mashine nyingine. Humo ndani mna alama za wanafunzi za miaka minne, nami sina nakala yake popote. Naomba mnisaidie.

FundiMakole
Pole sana, Mwalimu. Kabla hujashika bisibisi, nakili alama hizo kwenye flashi leo hii, ukianza na zile ambazo huwezi kuzipata tena, maana katika maelezo yako naona magonjwa mawili. Joto likizidi, prosesa hujipunguzia kasi, na likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi mashine hujizima ili isiungue. Hilo ndilo linalokupata baada ya dakika 40. Lakini mashine inayoganda asubuhi, ingali ya baridi, haigandi kwa sababu ya joto. Kishale kinapotembea huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, mara nyingi prosesa ni nzima na inaingoja diski isome kitu kinachoishinda. Kama kishale nacho kingesimama na sauti ikakwama ikirudia mlio uleule, ningekuomba upime RAM kwanza. Ukimaliza kunakili, fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, utuandikie mstari wa 05 na wa C5 (ndiyo inayohesabu sehemu mbovu za diski), kisha utazame joto kwa programu ya HWMonitor.

StationariTanga
Mwalimu, mimi nina duka la stationari, na vumbi la karatasi limenisumbua miaka mingi. Yangu ilipochemka namna hiyo niliipeleka kwa kijana wa pancha, akaipuliza kwa upepo wa kompresa, nayo ikapoa. Kuhusu kuganda, niliwekewa Windows upya na tatizo likaisha.

FundiMakole
Dada, nashukuru kwamba yako ilipona, ila naomba Mwalimu asiifuate njia hiyo. Kompresa ya pancha hubeba maji na mafuta ndani ya tangi lake, na upepo wake huizungusha feni kwa kasi inayoweza kuharibu beringi. Kusimika Windows upya ni dawa ya programu iliyochafuka. Kwa diski inayokufa, ni kuibebesha kazi nzito ya kuandika wakati imelemewa hata na kusoma, na huenda ikafuta kile tunachotaka kukiokoa.

MwalimuMoro
Nimenakili karibu kila kitu, isipokuwa faili la alama za kidato cha pili za mwaka 2022, ambalo kila nikilijaribu kompyuta inaganda. Mstari wa 05 unaonyesha 000000000010, na wa C5 unaonyesha 000000000038. Joto lilikuwa nyuzi 61 nilipowasha, likafika 97 nilipofungua majedwali na video kwa pamoja.

FundiMakole
Namba hizo zimeandikwa kwa heksadesimali, yaani kuhesabu kwa mafungu ya kumi na sita badala ya kumi, kwa hiyo 10 ni sekta 16 (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizokwisha kubadilishwa, na 38 ni sekta 56 ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kufanya nazo. Diski hiyo usiiamini tena. Nunua SSD, yaani diski isiyozunguka, ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, na kwanza upime unene wa diski ya zamani, kwa kuwa nyingine zina milimita 9.5 na SSD nyingi zina 7, hivyo huenda ukahitaji fremu ya kujazia ili isicheze.

Utakapoifungua, toa betri kwanza, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Ondoa feni, halafu tazama kati yake na mapezi ya kupoozea: mara nyingi vumbi hushikamana pale likawa kama kipande cha blanketi, na ukipuliza kutoka nje hulisukumi popote, sharti ulibandue kwa mkono. Pesti ya kupitisha joto iliyopakwa juu ya prosesa ya umri huo huwa imekauka kama chokaa. Ifute kwa alkoholi ya isopropili, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kisha kaza skrubu kidogo kidogo kwa kufuata namba zilizochongwa kando yake. Ukiona betri imevimba, usiirudishe.

MwalimuMoro
Fundi, leo ni wiki ya pili tangu niifunge. Vumbi lilikuwa kama ulivyosema, nikalitoa kipande kizima kwa kibanio. Nikifanya kazi ileile iliyolifikisha joto nyuzi 97, sasa halivuki 74, na haijazimika hata mara moja. Baada ya kuweka SSD ya GB 240, kuganda kumekoma. Faili la 2022 halikupatikana, kwa hiyo nimekaa jioni tatu nikiingiza alama hizo upya kutoka kwenye daftari langu la darasa, na sasa nakala ziko kwenye flashi mbili. Je, diski ya zamani niiuze kwa wanaonunua vyuma chakavu?

FundiMakole
Hapana, Mwalimu, majina na alama za watoto bado zimo humo. Ifungue uyakwaruze masahani yake ya ndani, yanayohifadhi data, kwa msumari pande zote. Kama ni ya kioo yatavunjika, basi ifunike kwa kitambaa na uyakinge macho. Mabaki yake ndiyo uwape.