Bodi ya ESP32 yenye ramani wazi: niiuze bei gani?

tangi_janja, Malindi
Assalam alaikum wadau. Nimesanifu bodi ya ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta yenye Wi-Fi) na RS485 (njia ya kutuma data kwa waya mrefu), ya kupima maji kwenye matangi. Ramani na faili zote za KiCad, programu ya kuchora saketi, ziko wazi kwa yeyote kuzitumia. Awamu ya kwanza ni bodi 50: vipuri, ubao na uunganishaji kiwandani ni Sh1,150 kila moja, nauli ya mzigo wote Sh6,000. Nafikiria kuuza 1,500. Duka moja la Mombasa linataka 20. Niwape kwa ngapi? Na mtu akinakili je?

fundi_shela, Lamu
Waalaikum salaam kaka. Kwa 1,500 utakula mtaji. Anza na 1,150, weka nauli 120, ni 1,270. Juu yake, kwa kuwa zinaingizwa kutoka nje, kuna IDF (ada ya tamko la uingizaji) 2.5%, RDL (tozo ya reli) 2% na VAT 16%, jumla kama 260. Tayari 1,530, na sijagusa ushuru wa forodha, unaotegemea bidhaa imeingizwa kundi gani. Kama hujasajiliwa VAT, hiyo 16% hurudishiwi. Ihesabu kama gharama.

Kupakia programu na kujaribu RS485 na pini zote ni dakika kumi, tuseme 50. Mfuko wa kuzuia umeme tuli na boksi, 40. Imefika 1,620. Na bodi hazitoki zote nzima, hili wengi hulisahau kabisa. Zikifa 3, gharama ya 50 inabebwa na 47: 81,000 gawa kwa 47 ni 1,723. Hiyo ndiyo gharama yako.

bei_na_volti, Malindi
Anza na bei ya duka, rejareja ifuate. Duka likitaka 30% ya bei ya rejareja, usizidishe bei ya duka kwa 1.3, igawe kwa 0.7. Likilipa 2,450, rejareja ni 3,500, nawe unabaki na 727 za kubadilishia bodi mbovu na kuanza awamu ya pili. Wewe mwenyewe uza 3,500 hiyo hiyo. Ukiuza 2,600 mlangoni kwako, duka halitaagiza tena, na ni haki yao. Bei ya jumla iandikie mwisho wa siku 30, maana chipu hununuliwa kwa dola, nayo hupanda na kushuka.

fundi_shela, Lamu
Kunakili: ukishasema ni wazi, huwezi kumkataza mtu kuuza. Leseni inayozuia biashara haitimizi ufafanuzi wa OSHWA, chama cha vifaa vyenye ramani wazi. Tumia leseni ya CERN-OHL-S toleo la 2: anayebadilisha na kuuza naye lazima atoe ramani zake. Jina ni jambo jingine. Arduino, watengenezaji wa bodi, waliachia ramani, jina wakalishika kama alama ya biashara; nawe lako lisajili KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo.

Kisha ipe bodi yako kinga ya chumvi ya huku pwani. Pulizia vanishi ya akriliki, ukifunika kwanza USB, vituo vya skrubu na antena kwa tepu ya Kapton, ile inayostahimili joto. Vanishi ikiingia kwenye kiunganishi, mguso hukatika na mteja atadhani chipu imekufa. Toleo hilo liongezee 150.

tangi_janja, Malindi
Shukran sana. Na wanafunzi wa ufundi? 3,500 hawaiwezi.

bei_na_volti, Malindi
Usishushe bei ya bodi kamili. Wauzie seti ya kujiungia, lakini moduli ya ESP32 na soketi ya USB-C zije zimeshaunganishwa, kwa sababu miguu ya soketi hiyo imebanana, na risasi ya kuungia huigusanisha. Chipu ya RS485 chagua ya umbo la SOIC, nafasi ya milimita 1.27 kutoka mguu hadi mguu. Hiyo mwanafunzi ataiweza kwa pasi ya kawaida ya kuchomelea risasi.