Mrejesho: Bima yangu ya pensheni iliyokatishwa na kompyuta

Ndugu zangu, niliwauliza nifanyeje baada ya YEL, bima ya pensheni ya waliojiajiri hapa Ufini, kukatishwa na mfumo wa kompyuta ilhali bado nafanya usafi kwa wateja walewale. Mlionishauri nitaje Kifungu cha 22 cha GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data binafsi, asanteni mno! Kinakupa haki ya kudai binadamu aupitie uamuzi mzito uliofanywa na kompyuta pekee.

Niliandika, nikaambatisha ankara zangu. Afisa akanipigia: nilipofunga biashara ya zamani nikafungua kampuni, mfumo ulidhani nimeacha kazi. Bima imerudishwa kuanzia siku ileile, bila pengo.

Michango ya nyuma nitailipa kwa moyo mmoja, maana hata posho ya ugonjwa hapa hukokotolewa kwa kipato cha YEL, yaani kipato cha mwaka kilichothibitishwa kwenye bima hiyo.