Msaada wa haraka: Rust inanikatalia kuingiza i64 kwenye i32, nifanyeje?

kijana_wa_ziwa
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama tangu juzi na muda wangu unaisha Jumamosi asubuhi. Nina namba ya aina i64 (namba kamili ya biti 64), inatakiwa iende kwenye funksheni inayopokea i32 (ya biti 32). Naandika kwa lugha ya programu ya Rust, na kompaila yake, inayogeuza msimbo kuwa programu, inagoma, kosa E0308, inasema aina hazilingani. Nikiandika `as i32` inatulia na programu inajengeka vizuri, ila namba inayotoka siyo niliyoingiza. Naomba njia fupi ya kugeuza bila kuharibu namba. Tafadhali msinipeleke mbali, nahitaji mstari mmoja tu.

karanga_za_jioni
Nimewahi siti ya mbele. Endeleeni.

nyoka_mtulivu
Hamia lugha ya Python, mkuu. Kule namba kamili inakua kadiri kumbukumbu ya mashine inavyoruhusu, hakuna wa kukuuliza biti 32 wala 64. Nimeandika Python miaka sita, sijawahi kugombana na kompaila.

Mzee_Kitenge
"Mstari mmoja tu." Ndiyo shida yenu vijana. Kompaila imekukataza, wewe unatafuta pa kupenya. Sisi tulijifunza na kitabu cha kuazima, zamu kwa zamu, na mwalimu akikwambia hapana unauliza kwa nini. Heshima kwa anayekuzuia ni sehemu ya ufundi.

fundi_Kizingo
Wadau, salamu kutoka Mombasa. Hii imenikumbusha kisa changu. Niliandika mfumo wa kadi za wagonjwa wa hospitali moja hapa kwetu, kwa lugha ya Go. Namba ya kadi niliiweka int16, inayoishia 32,767, kwa sababu nilidhani wagonjwa hawatakuwa wengi. Go nayo ni kali, haichanganyi aina mpaka uandike mwenyewe, basi nikaandika `int16(n)` nikaenda zangu. Siku kadi ya 32,768 ilipofika, printa ikatoa -32768. Mama aliyepewa kadi ile akairudisha dirishani, akasema yeye hajaja hospitali kudaiwa. Nilitoka nyumbani saa tatu usiku kwenda kurekebisha. Go haikulalamika hata kidogo, maana nilikuwa nimeshaiambia igeuze.

Bi_Msimbo
Mdogo wangu kijana_wa_ziwa, kabla ya mstari mmoja, tuelewane hapa. i64 ni baiti nane, i32 ni baiti nne. Ni kama kumimina mchele wa pishi ndani ya kibaba. Rust inakataa kwa sababu haijui kama mchele ulionao leo utaenea. Ukiandika `as` umeiambia "mimina, nitabeba lawama", nayo inamimina. Inabakiza biti 32 za chini, za juu inazitupa, na haisemi neno. Namba ikiwa chini ya 2,147,483,647 huoni tofauti. Ikizidi hapo unapata namba nyingine kabisa, pengine hasi.

Na chini ya kosa lako E0308 kompaila yenyewe imekupendekezea `.try_into().unwrap()`. Hiyo inajaribu kugeuza, na namba isipoenea programu inasimama hapo hapo badala ya kudanganya. Uliisoma?

Halafu tuambie: namba yenyewe ni ya nini, na ni kubwa kiasi gani?

kijana_wa_ziwa
Asante dada. Niliiona ile try_into, niliiweka, programu ikazimika mbele ya mtu, nikaiondoa. Siwezi kuwa na programu inayozimika. Namba ni jumla tu ya vitu.

Bi_Msimbo
Vitu gani?

kijana_wa_ziwa
Hisa. Ni kikundi cha akina mama wauza dagaa huku Mwanza, wako 64, hisa moja ni shilingi elfu kumi, wanakutana kila Jumamosi. Niliwaandikia mfumo mwaka jana. Kila kitu nimehifadhi kwa senti, kwa sababu nilisoma kwamba fedha haziwekwi kwenye namba za desimali zinazoelea. Kwenye databesi ni i64. Funksheni yangu `panga_fedha`, inayoweka mikato na senti kwa ajili ya ripoti, niliiandika mwanzoni kabisa nikaiwekea i32. Mpaka Desemba ilikuwa sawa. Jumla ya Machi ni 31,450,000, ripoti inatoa 11,499,672.96. Jumla ya Juni ni 44,180,000, inatoa 1,230,327.04. Funksheni inaitwa sehemu kumi na nne, ndiyo maana sitaki kuigusa.

rubani_mstaafu
Naomba niwakumbushe jambo. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa. Sekunde kama 37 baadaye ikapinda, ikavunjika, ikajilipua na setilaiti nne za Cluster ndani yake. Chanzo kilikuwa kugeuza namba, namba ya desimali ya biti 64 kwenda namba kamili ya biti 16. Programu ilikuwa ya Ada, lugha kali haswa, na kuna namba walizozilinda. Hii waliiacha bila kinga kwa sababu msimbo ulitoka Ariane 4, na kwa mwendo wa Ariane 4 isingeweza kuzidi kikomo. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi ya mlalo. Kompyuta ya akiba nayo ilikuwa na msimbo ule ule, ikazimika kabla ya ile kuu. Na kinachoniuma mpaka leo, hesabu hiyo haikuwa hata na kazi baada ya roketi kuondoka ardhini.

Funksheni yako ya mwanzoni kabisa ndiyo Ariane 4 yako, kijana.

nyoka_mtulivu
Na YouTube mwaka 2014, wimbo wa Gangnam Style ulitazamwa zaidi ya mara 2,147,483,647, ikabidi kihesabu kiwe cha biti 64. Python, mkuu. Narudia.

mpima_chai
Samahani wakuu, mimi naona hapa tunanyweshwa chai ya moto. Someni tena. Hisa ni elfu kumi, kila jumla lazima iishie na sifuri nne. Hizo senti 96 zimetoka wapi? Na senti nne za Juni je? Tanzania hii nani alishika senti mara ya mwisho? Mtu ametunga namba ili zionekane za kitaalamu. Tena kikundi cha wauza dagaa na mfumo wa Rust, mbona hata kampuni za mjini hazina? Mods fungeni uzi.

karanga_za_jioni
Hapo sasa! Mleta mada, jibu tuhuma.

Mzee_Kitenge
Nilihisi mapema. Mtu mkweli husema shida yake yote mara moja.

fundi_Kizingo
Ngojeni kwanza. Wauza dagaa wana hela kuliko wengi humu.

Bi_Msimbo
mpima_chai, umeuliza swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu, nimechukua kalamu kwa ajili yake. Kuzidi kikomo kwa biti 32 maana yake ni kupoteza 4,294,967,296, yaani mbili kwa kipeo cha 32. Isome kama senti: shilingi 42,949,672.96. Angalia mwisho wake. Ndiyo hiyo 96.

Juni: 44,180,000.00 toa 42,949,672.96 inabaki 1,230,327.04. Senti kwa senti.
Machi: 31,450,000.00 toa 42,949,672.96 inakuwa hasi 11,499,672.96.

Senti zile ni alama ya kidole ya kosa lenyewe. Kijana hajatunga.

Lakini mdogo wangu, Machi ilipaswa kutoka na alama ya hasi. Wewe umeandika namba chanya. Alama imekwenda wapi?

mpima_chai
Nimekokotoa na mimi, naona hivyo hivyo. Basi nasubiri jibu la alama.

*(saa mbili baadaye)*

kijana_wa_ziwa
Nilikuwa natafuta namna ya kulisema. Machi ripoti ilipotoka na hasi, nilikuwa na dakika chache kabla ya kikao. Nikadhani ni kosa la kuonyesha tu, kwamba mahali fulani natoa badala ya kujumlisha. Nikaongeza `.abs()`, inayofuta alama ya hasi, ndani ya `panga_fedha`, alama ikaondoka, nikachapisha.

Ila nimeshapata suluhisho wakuu. Nimebadilisha i32 kuwa u32 sasa hivi, nikaondoa `.abs()` kwa kuwa u32 haiikubali, ripoti ya Machi imetoka 31,450,000.00 kamili. Nadhani hii inatosha kwa Jumamosi.

Bi_Msimbo
Haitoshi. u32 inaishia 4,294,967,295, na Juni una senti 4,418,000,000. Umehamisha ukuta hatua moja na akina mama wameshaupita. Tena faini au marejesho yakifanya jumla ndogo iwe hasi, u32 haina pa kuweka hasi. Jaribu Juni uone.

kijana_wa_ziwa
Nimejaribu. 1,230,327.04 ile ile.

rubani_mstaafu
Hiyo ripoti ya Machi uliyochapisha, ilisomwa mbele ya wanachama?

kijana_wa_ziwa
Ilisomwa.

rubani_mstaafu
Daftari la mkono lilisemaje?

kijana_wa_ziwa
Daftari la mweka hazina lilisema 31,450,000.

fundi_Kizingo
Ya rabi. Hiyo ni tofauti ya karibu milioni ishirini.

kijana_wa_ziwa
19,950,327.04. Naijua kwa moyo.

Fedha nyingi za kikundi ziko nje kwa wakopaji, benki hukaa kidogo, kwa hiyo huwezi kuhesabu noti mezani. Palikuwa na daftari la mtu na ripoti ya kompyuta. Waliamini kompyuta. Mweka hazina wakamsimamisha. Ni jirani yetu, nimekula kwake nikiwa darasa la pili mama akiwa safarini visiwani. Na mwenyekiti aliyemsimamisha ni mama yangu mzazi.

Mimi sikumtaja mtu. Niliulizwa kama mfumo unaweza kukosea, nikasema databesi ni salama, na kweli databesi ilikuwa salama. Katiba ya kikundi ndiyo inayosema tofauti ikizidi laki moja mweka hazina anakaa pembeni. Sasa Juni kuna mweka hazina mpya, na ripoti inaonyesha fedha zimepungua tena. Jumamosi naye atasimamishwa. Nilitaka kurekebisha kimya kimya, namba ziwe sawa, kisha niseme ni sasisho.

Mzee_Kitenge
Mwanangu. Nilikusema vibaya juu kule kwa jambo dogo. Hili ni kubwa na limekulemea, nimeliona. Lakini usiseme sasisho. Yule mama anapita sokoni na watu wanamtazama mikono.

kijana_wa_ziwa
Shikamoo mzee. Naogopa wataacha kuutumia mfumo, nao mfumo ni mzuri.

mpima_chai
Mkuu, chai nimeimwaga. Hata mimi nina shangazi aliyewahi kushukiwa fedha za msiba, hakuna aliyemwomba radhi mpaka amezikwa. Nenda leo.

nyoka_mtulivu
Sitaji Python. Nenda.

Bi_Msimbo
Kwanza msimbo, kwa sababu ukienda lazima uende na namba sahihi mkononi. Dakika ishirini tu, fuata:

Badilisha `panga_fedha` ipokee i64. Ile `.abs()` usiirudishe. Jenga. Kompaila itakuonyesha sehemu zote kati ya zile kumi na nne ambazo hazilingani, huna haja ya kukumbuka. Penye namba ndogo inayopanda, andika `i64::from(n)`. Hiyo haiwezi kupoteza kitu, ndiyo maana haiulizi swali. Penye lazima kushuka, `i32::try_from(n)`, na kosa likirudi liandike kwenye ripoti kwa Kiswahili: "jumla imezidi uwezo wa mfumo". Programu haizimiki ukilishika kosa. Ilizimika kwako kwa sababu ya `unwrap`. Kisha tafuta kila ` as ` iliyobaki, moja moja, ujiulize inatupa nini. Clippy, chombo cha Rust cha kukagua msimbo, ina kanuni ya `cast_possible_truncation`, iwashe, maana haiwaki yenyewe.

i64 kwa senti inafika shilingi trilioni 92,233. Dagaa wa ziwa zima hawafiki.

*(kesho yake, saa nne asubuhi)*

kijana_wa_ziwa
Wakuu, nimerudi. Sehemu zote kumi na nne ziligoma, tano kati yake zilikuwa tayari i64 nami nilikuwa nazibana kwa `as` bila sababu. Ripoti ya Machi 31,450,000.00. Juni 44,180,000.00.

Nilimwamsha mama saa tano usiku nikamwonyesha mstari wa zamani wenye `.abs()`. Hakuelewa neno, akaniuliza tu, "Hiyo ndiyo iliyokula milioni ishirini?" Nikasema ndiyo, na mimi ndiye niliyeiandika. Alikaa kitandani muda mrefu. Alfajiri tukaenda wote wawili kwa mweka hazina wa kwanza.

Tulimkuta anaanika. Hakuacha kuanika. Mama alipomaliza kusema, yule mama akafuta mikono kwenye kitenge, akaingia ndani akatoka na daftari lake, lile lile, lina gundi mgongoni. Akaniambia nisome ripoti yangu kwa sauti, yeye anafuatisha kwa kidole. Wiki kwa wiki, Januari mpaka Machi. Hakuna hata moja iliyopishana. Kisha akaniambia nikasome hivyo hivyo Jumamosi, na nianze na jina lake.

fundi_Kizingo
Mungu akutie nguvu, ndugu yangu.

Bi_Msimbo
Ripoti za Aprili na Mei nazo umezichapisha upya?

kijana_wa_ziwa
Bado, dada. Naanza nazo sasa hivi.