Nichague helmeti gani ya autokrosi kwa shilingi 25,000?

Vumbi Jekundu:

Wanajukwaa, hamjambo. Kwa miaka minne nimekuwa mtazamaji tu wa autokrosi, yaani mbio fupi za magari kwenye njia yenye kona nyingi, hapa Kenya, nikisimama nyuma ya utepe na kula vumbi la wenzangu, na sasa nimeamua kuingia uwanjani mwenyewe katika daraja la magari yasiyo na tabo (turbo) ambayo injini husukuma magurudumu mawili tu. Gari ni Toyota Starlet ya zamani, ambayo fundi amekwisha kuiwekea fremu ya vyuma ndani pamoja na mikanda ya pointi nne. Kilichosalia ni helmeti, na mfukoni nimebakiwa na shilingi 25,000.

Ninayo helmeti ya bodaboda niliyoinunua Kirinyaga Road kwa shilingi 2,500, nayo ina kibandiko cha DOT kwa nyuma. Rafiki yangu ananiuzia iliyotumika yenye nembo ya SA2010 kwa shilingi 8,000, akiapa kwamba haijawahi kuanguka. Duka moja la pikipiki lina helmeti mpya ya M2020 kwa shilingi 19,000, na mtandaoni nimeona SA2020 ya uso wazi kwa dola 190, bila kuhesabu usafirishaji wala ushuru. Navaa miwani, urefu wangu ni futi sita na inchi moja, na nikiketi garini paa linakaribia kugusa nywele. Mngekuwa mimi mngechagua ipi?

Mkaguzi wa Zamani:

Karibu mchezoni, ndugu Vumbi Jekundu. Kabla ya kuzungumzia fedha, pata kanuni za nyongeza za shindano unalokusudia kuingia, uone ni nembo zipi zinazokubaliwa, na kama hujaelewa, mwulize mkaguzi mkuu kabla ya siku yenyewe. Niliwahi kumrudisha kijana mmoja asubuhi ya mashindano akiwa na helmeti nzuri ajabu, iliyopakwa rangi za bendera, lakini ambayo ndani yake haikuwa na nembo yoyote. Alikuwa ameilipia mara mbili ya bajeti yako.

Hiyo ya bodaboda iache kwa bodaboda. DOT ni kiwango cha Marekani ambacho mtengenezaji hujithibitishia mwenyewe. Serikali ya huko hununua sampuli madukani na kuzipima baadaye. Kwa hiyo kibandiko hicho pekee, ambacho mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kukitengeneza, hakimwambii mkaguzi jambo kubwa. Nembo ya Snell, taasisi ya Marekani inayopima helmeti, ni tofauti, kwa kuwa helmeti hupelekwa kwenye maabara ya taasisi hiyo na kupondwa kabla ya nembo kutolewa, kisha nyingine huchukuliwa sokoni na kupondwa tena. Taasisi yenyewe ilianzishwa mwaka 1957, baada ya dereva William Snell kufariki mwaka 1956 katika mbio za magari kwa sababu helmeti aliyoivaa haikumkinga.

Sasa herufi zilizo kwenye nembo za Snell, ambazo namba yake ni mwaka wa kiwango. M ni ya pikipiki, K ni ya vigari vya mbio viitwavyo gokati, na SA ni ya mbio za magari. Tofauti ya SA na M si ya biashara tu. SA hujaribiwa kwa moto, na M haijaribiwi. SA hupigwa pia juu ya chuma chenye umbo la nguzo ya fremu, kwa sababu dereva wa gari anaweza kugonga kichwa mahali pale pale zaidi ya mara moja gari linapobingirika. M nayo hutakiwa kumpa mvaaji upeo mpana zaidi wa kuona pembeni. Wewe umekwisha kuweka fremu ndani ya Starlet, na chuma hicho ndicho kitakachokuwa karibu zaidi na kichwa chako. Ningechagua SA.

Kuhusu ile SA2010 ya rafiki yako, hapana. Viwango hivi husasishwa takriban kila miaka mitano, na baada ya SA2010 zimekuja SA2015, SA2020 na sasa SA2025, hivyo hata kama ingepita leo ungekuwa unanunua kitu kinachokaribia mlango wa kutokea. Kubwa zaidi ni kwamba ndani ya gamba mna povu gumu la polistirini, jamii ya lile linalofungiwa televisheni mpya, na kazi yake ni kupondeka ili kichwa kisisimame kwa ghafla. Likipondeka mara moja halirudi, na jeraha hilo huenda lisionekane kwa nje hata kidogo. Snell wenyewe hushauri helmeti ibadilishwe baada ya miaka mitano ya matumizi. Rafiki yako anaweza kuwa mkweli kabisa, lakini je, anajua ni nani aliyeiangusha kabla yake?

Kijana wa Houston:

Mzee Mkaguzi, shikamoo. Naomba kutofautiana nawe kidogo. Huku Texas ninashiriki autokrosi kila ninapopata nafasi, na chama cha SCCA, ambacho ndicho kinachoendesha sehemu kubwa ya mchezo huu Marekani, hukubali helmeti za M sawa na za SA katika mashindano haya. Si hivyo tu, mashindano mengi yana helmeti za kuazima, na wageni huanza na hizo hadi watakapojua kama mchezo umewaingia damuni. Binafsi nilikimbia msimu mzima na M niliyoinunua chini ya dola 150. Kama kanuni za huko zinaruhusu, ndugu yetu achukue ile ya shilingi 19,000, na chenji inunue matairi.

Mkaguzi wa Zamani:

Marahaba, mwanangu. Tofauti ni uwanja. Huko mnakimbia juu ya lami, gari moja moja, kwenye maegesho makubwa, kwa takriban dakika moja, na ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2. Huku tunakimbia kwenye udongo wenye mashimo na matuta, na gari likiingia vibaya kwenye kona hupinduka. Wewe ukikosea unagonga koni, yeye akikosea anagonga tuta. Kanuni zikiruhusu M sitamzuia, lakini swali lake lilikuwa tungechagua ipi.

Bagi Namba Saba:

Nachangia kuhusu uso wazi au uso uliofunikwa. Mimi huendesha bagi, yaani gari jepesi la mbio la fremu tupu, lisilo na kioo cha mbele, kwa hiyo ninavaa inayofunika uso wote, kwa sababu kokoto za gari lililonitangulia huja usoni kama mvua ya mawe. Ndani ya Starlet yenye kioo, hiyo ya uso wazi ina faida ambazo mwenye miwani atazishukuru: inaingia na kutoka bila kuing'oa miwani, haitunzi mvuke wa pumzi, na unasikia vizuri ishara za waongozaji. Hasara yake ni kwamba kidevu na meno havina kinga, na magari yetu yana usukani karibu na uso kuliko tunavyodhani. Kwa kuwa una mikanda ya pointi nne inayokushikilia kitini, hasara hiyo imepungua, ingawa haijaisha. Kaza mikanda hiyo kweli kweli.

Usiibandike stika zenye gundi kali wala kuipaka rangi ya kopo. Tina na petroli hula gamba la plastiki polepole, na utakuwa umelipa fedha nyingi kwa ganda la yai.

Bi. Futikamba:

Kaka Vumbi Jekundu, wote wamezungumzia nembo, na hakuna aliyekuuliza ukubwa wa kichwa chako. Mimi niliagiza helmeti yangu ya kwanza kutoka ng'ambo kwa kukisia, nikajiandikia saizi ya kati kwa sababu nguo zangu ni za kati. Ilipofika ilikuwa inazunguka kichwani kama sufuria, na gharama ya kuirudisha ingekaribia bei yake. Niliiuza kwa hasara.

Chukua futikamba ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya nyusi na kupitia sehemu ya nyuma iliyochomoza zaidi, upime mara tatu na kuchukua kipimo kikubwa. Kisha tumia jedwali la mtengenezaji wa helmeti hiyo hiyo, maana sentimita 59 kwa huyu ni saizi ya kati na kwa yule ni kubwa. Hata jedwali haliujui umbo la kichwa. Wengine tuna vichwa virefu kutoka paji hadi kisogo na wengine vya mviringo. Ukiipata dukani, ivae kwa dakika 20 nzima bila kuona haya mbele ya muuzaji. Mashavu yabanwe kidogo, na ukiisukuma kulia na kushoto ngozi ya uso isogee pamoja nayo. Funga mkanda wa kidevu, umwombe mtu aishike kwa nyuma chini na kuivuta kuelekea mbele: ikivuka nyusi na kutaka kutoka, hiyo si yako, hata kama ina nembo saba. Ikikuuma mahali pamoja kwenye paji, nayo iache. Sponji hulegea kadiri unavyoivaa, kwa hiyo inayokutosha kwa raha siku ya kwanza itakuwa pana msimu wa pili.

Na fanya majaribio hayo ukiwa ndani ya gari. Mtu wa futi sita na inchi moja ndani ya Starlet yenye fremu anaweza kukuta helmeti inagusa chuma kabla hata injini haijawashwa.

Vumbi Jekundu:

Nawashukuru nyote, hasa Bi. Futikamba, kwa sababu nimepima leo na kupata sentimita 60, ilhali nilikuwa karibu kuagiza ya 58. Jioni nimeketi garini nikiwa nimevaa ile ya bodaboda kwa majaribio tu, na kweli imegonga fremu juu ya sikio la kulia. Fundi amesema anaweza kushusha reli za kiti kwa sentimita 4, na ataufunika mrija huo kwa sponji ngumu ya fremu.

Nimezungumza na mkaguzi wa shindano, naye amesema SA2020 haina shida yoyote. Binamu yangu anarudi likizo kutoka Dallas baada ya wiki sita, kwa hiyo gharama ya usafirishaji imeondoka, na nitaruka shindano la kwanza ili nisiazime. Kijana wa Houston, je, maduka ya huko yameanza kupunguza bei za SA2020 kwa kuwa SA2025 zimeingia, na je, unaweza kunielekeza duka ambalo binamu anaweza kupeleka kipimo changu akajaribu saizi mbili kabla ya kulipa? Kichwa chake na changu vinalingana; tulikuwa tukivaliana kofia tangu utotoni.

Kijana wa Houston:

Zimeanza kushuka, ingawa saizi kubwa ndizo zinazoisha mapema. Nitumie ujumbe wa faragha nikupe majina ya maduka mawili yaliyo Dallas. Mwambie binamu akague tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa ndani, chini ya sponji, asije akauziwa iliyokaa ghalani tangu kiwango hicho kianze.