Asiyepiga kura akae kimya? Mimi nakataa

Ndugu zangu wa Kusini, naomba tulijadili hili maana limenikaa moyoni.

Ni kijiji kimoja huku Newala, mkutano wa kwanza baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024. Jirani yangu, mama mtu mzima, alisimama akauliza kwa nini bomba la kitongoji chetu halitoi maji ilhali michango tulishatoa. Mnaijua Newala. Huku juu uwandani maji ni mali, ndoo tunanunua. Kabla hajamaliza, sauti ikatoka mbele: "Ulipiga kura wewe?" Akasema hapana. "Basi kaa." Akakaa, watu wakacheka.

Ni kweli hakupiga. Orodha ya wapiga kura wa kijiji iliandikwa kuanzia 11 hadi 20 Oktoba, na siku zote hizo alikuwa Masasi akimuuguza mama yake. Kadi ya Tume ya Uchaguzi anayo tangu 2015, akadhani inatosha. Wengi wetu tunachanganya hapo: kadi ile ni ya kumchagua rais, mbunge na diwani. Mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji wana orodha yao, na huandikwa upya uchaguzi ukifika.

Sasa tuangalie sheria. Sheria Na. 7 ya 1982 ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Mkazi! Mpiga kura hakutajwa. Na mama yule akipeleka korosho AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika, anakatwa kwa kila kilo sawa na sisi tuliopiga. Sijaona karani wa mizani akimuuliza kichinjio chake, yaani kadi ya kura, kiko wapi.

*Wa Lindi mjini:*
Dada, huyo mama simgusi, alikuwa anauguza. Mimi nina vijana wa mtaani kwetu. Mwandikishaji alikaa hatua chache kutoka pale wanapocheza drafti, siku kumi nzima. Nikiwaambia twendeni, wananijibu kura haina faida. Leo barabara ikichimbika wao ndio wa kwanza kulaumu. Mimi nilipanga foleni na mgongo huu unaouma. Uchaguzi mkuu wa 2020 waliojiandikisha walizidi milioni 29, waliopiga ni milioni 15 hivi. Karibu nusu ya watu wamebaki majumbani! Mtu aliyesusa siku ya kuamua asitupigie kelele miaka mitano.

*Wa Tandahimba:*
Kaka, hiyo 2020 unayoitaja kuna kata na majimbo mgombea alipita bila kupingwa. Mtu kaamka alfajiri, kafika kituoni, karatasi ya diwani hakuna. Naye tumwambie hakuchagua, anyamaze? Nashukuru sheria ya uchaguzi ya 2024 imelirekebisha: mgombea akibaki peke yake anapigiwa kura ya ndiyo au hapana.

*Mimi tena, wa Newala:*
Kaka wa Lindi, kwa hao vijana niko upande wako. Mwenye afya, kituo kiko jirani, asiende? Mwambie usoni kwamba amekosea, na uchaguzi ukikaribia mfuate tena. Ila kumwambia amekosea ni jambo moja, kumziba mdomo ni jingine kabisa. Ukiwanyamazisha hao milioni 14 wa 2020, nani atauliza habari za bomba? Waliompigia kura mwenyekiti wengine ni ndugu zake na marafiki zake, wanamwonea haya. Na bomba likikauka linamkaukia hata mtoto wa darasa la tatu ambaye kura hana.

Kinachonitisha ni hiki: tukilizoea neno lile, kiongozi hatalijibu swali tena. Atamkagua muulizaji. Leo ni kura, kesho ataulizwa kama alichangia mwenge, keshokutwa kama amezaliwa hapa. Na maji bado hayajatoka.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria ni kila miezi mitatu. Nimeshamwambia jirani yangu ujao tutakaa mbele pamoja. Swali la michango nitalianza mimi niliyepiga kura, yeye atalimalizia.

Wa Nachingwea, Liwale na Nanyumbu, huko kwenu yupo aliyekalishwa chini hivi? Andikeni ilivyokuwa.