Kuchagua benki mjini Njombe: nitazame nini kwanza?

Muuza Mbao

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Ninaishi Njombe mjini, nanunua mbao kwa wakulima wa vijijini na kuwauzia wateja wa Dar es Salaam, ambao karibu wote hulipa kwa benki au kwa simu. Mpaka sasa natumia akaunti ya akiba niliyoifungua nikiwa mwajiriwa, lakini mzunguko wa fedha umekua, makato yameongezeka, na wakulima wangu hawapokei chochote isipokuwa taslimu. Matawi ya benki kubwa kama NMB na CRDB yapo, mawakala wapo kila kona, na jirani yangu ananishawishi nijiunge na SACCOS yao kwa kuwa riba ya mkopo ni nafuu. Naomba ushauri: kwa mkazi wa mji mdogo kama huu, jambo la kwanza kutazamwa ni lipi, na je, ni busara kuweka fedha zote mahali pamoja?

Mama wa Uwemba

Ndugu yangu, tazama wakala kabla hujatazama tawi, kwa sababu shida yako si kupokea fedha bali kuzitoa. Wakala huwa na fedha za aina mbili: taslimu iliyo kwenye droo, na floti iliyo kwenye akaunti yake. Mteja akitoa fedha, taslimu inapungua na floti inaongezeka. Akiweka, inakuwa kinyume chake. Msimu malori ya viazi yanapopakia, wanunuzi wote wanatoa na hakuna anayeweka, hivyo unaweza kumkuta wakala mwenye floti ya kutosha kabisa ambaye hana hata laki tatu mkononi. Hapo atakupa kidogo, akuelekeze kwa mwenzake ukamalizie, na kila unapotoa unakatwa upya. Kwa hiyo kabla ya kuhamia benki yoyote, pita kwa mawakala wake walio kwenye njia yako ya kununulia mbao, uwaulize wanaweza kukupa kiasi gani kwa mara moja siku ya kazi nyingi. Bango lililopo mlangoni halitakujibu swali hilo.

Mstaafu

Nijibu sehemu ya pili, maana hapa Njombe jambo hili tuliliona kwa macho. Tarehe 4 Januari 2018, Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Njombe Community Bank. Mwaka uliotangulia ilikuwa imeifunga benki ya wananchi ya Mbinga, kwa majirani zetu wa Ruvuma. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ilimlipa mwenye amana si zaidi ya shilingi 1,500,000, na aliyekuwa na zaidi ya hapo alibaki kusubiri matokeo ya ufilisi. Sasa kikomo ni shilingi 7,500,000, lakini kinahesabiwa kwa mtu mmoja katika benki moja, si kwa kila akaunti. Maana yake, kufungua akaunti mbili katika benki ileile hakukuongezei kinga yoyote, ila kugawa fedha kati ya benki mbili kunakuongezea.

Kuhusu SACCOS, yenye leseni inasimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, lakini akiba yako humo haimo katika bima hiyo. Isitoshe, ukimdhamini mwanachama mwenzako, akiba yako hufungwa mpaka amalize marejesho (na ukishakuwa mwanachama, kumkatalia jirani udhamini ni kazi kubwa). Jiunge kama unataka mkopo. Mtaji wa kununulia mbao usiupeleke huko.

Muuza Mbao

Nashukuru sana, mama, na wewe mzee wangu. Na hao wateja wanaolipa kwa simu, niwaache waendelee?

Mhasibu wa Makambako

Wateja wadogo waache. Wakubwa waelekeze kwenye akaunti ya biashara, ambayo utaifungua kwa leseni, TIN na kitambulisho cha NIDA. Siku utakapoomba mkopo, afisa mikopo atataka taarifa ya akaunti, na mauzo yanayoishia kwenye simu hayataonekana humo hata kama ndiyo mengi.

Suala la makato lisikusumbue kabla hujapiga hesabu. Omba karatasi ya viwango kwa kila benki unayoifikiria, kisha chukua miamala yako halisi ya mwezi uliopita, yaani umetoa mara ngapi kwa wakala, mara ngapi ATM, na umetuma mara ngapi kwenda benki nyingine, uipigie hesabu kwa viwango vya kila moja. Akaunti inayotangazwa kuwa haina makato ya mwezi mara nyingi huwa ghali kwa mtu anayetoa fedha kila wiki kama wewe.